Nimepiga Mlimani, Mpira Umeingia Chai

Wapendwa, leo nimepiga mpira ukaingia kwenye sufuria ya chai ya kanisa!

Ilikuwa raundas, ule mchezo wa kupiga mpira na kukimbia kuzunguka vituo, akina mama dhidi ya vijana wa kwaya, uwanja wa shule hapa Voi. Tulibakisha mpira mmoja, na tulihitaji mzunguko mmoja tu tushinde.

Wakaniita mimi! Sijacheza tangu nikiwa msichana.

Nikashika mwiko wa ugali (ndio wa kupigia, msicheke).

Sasa sikieni. Sisi tulizaliwa Mwanda, kwenye mteremko. Marehemu mama alitufundisha raundas pale uani, na sheria yake ilikuwa moja: "Piga mlimani! Ukipiga bondeni utaufuata mpaka mtoni."

Basi mpira ukaja. Miguu ikageuka yenyewe, ikaelekea vilima vya Taita, nikapiga nyuma kwa nguvu zote.

Chubwi! Chai.

Refa akapiga kelele, "Mama, umekosea upande!"

Dada yangu Wakesho, ambaye tangu tumzike mama hajapaza sauti, akaruka kutoka kwenye mkeka. "Amepiga mlimani! Kimbia, wee mtoto wa mama, kimbia!"

Nikakimbia jamani! Leso ikaanguka, nikaiacha. Nani angetia mkono kwenye chai ya moto autoe mpira? Nimezunguka vituo vyote, na Wakesho akanipokea tukicheka huku tunalia.

Vijana wanasema haihesabiki.

Mimi nasema Mungu ni mwema, na mama angehesabu.

Haya, semeni ninyi: ni mzunguko au si mzunguko?