Sauti ya Ijumaa

Persis Nyanchera binti Anyona, wa Nyakoe, ni mjukuu wa Nyaboke aliyelima wimbi kwenye mteremko ambao wanaume waliukimbia, na binti wa Anyona aliyenunua redio ya kwanza kijijini. Aliolewa na Omosa, fundi wa redio, na Omosa alipofariki hakuliuza duka lao la vipuri mjini Kisii. Alijifunza transista, kapasita na fyuzi kwa macho na vidole, kila kimoja na droo yake. Miaka thelathini na miwili, hakuna fundi wa Kisii wala Nyamira aliyempiga chenga.

Zamani mteja alikuja amebeba maiti, ndivyo Omosa alivyokiita kipuri kilichoungua. Unamwekea Persis kiganjani, anakitazama, anatoa pacha wake. Kisha redio zikapungua, vipuri vikawa vidogo kama punje za wimbi, na mafundi wakaacha kuja. Wakawa wanatuma sauti kwenye simu, yeye anafunga bahasha, bodaboda inapeleka. Hakubabaika. Alinunua simu kubwa, akajifunza. Ila hakuona maiti tena. Alisikia tu.

Na kusikia kwake kulikuwa na ufundi. Watu wetu wa Kisii wakisema p, mara nyingi hutoka b. Hata pesa huwa besa. Fundi akisema "bii", Persis alijua ni "pii", akatoa kinachotakiwa bila kumwaibisha mtu. Alijivunia hilo.

Ijumaa moja mchana, Momanyi, fundi wa Nyamira, alituma sauti: anataka BC nane moja saba, haraka, ya mashine ya oksijeni. Mzee Osewe, mwalimu mstaafu, alikuwa akipumulia hiyo nyumbani kwake. Persis akatabasamu, akafunga PC nane moja saba. Ni vitu viwili tofauti kama sindano na kijiko. Momanyi alikuwa amesema sawasawa. Jua lilipokaribia kuzama Persis akafunga duka, akazima simu kama kila Ijumaa, maana kwa Msabato, Sabato ni Sabato, akapanda kwake Nyanchwa.

Jumamosi jioni akaiwasha. Kulikuwa na sauti moja, ya Ijumaa saa moja na dakika kumi jioni. Chini yake maandishi ya Momanyi: "Mzee Osewe ametutoka asubuhi."

Sauti ile hakuifungua. Momanyi alikuja mwenyewe kumweleza kwamba daktari alisema mapafu ya mzee yalikuwa yamekwisha, hata mashine ingepona, yeye asingepona. Persis akamshukuru, akampa chai. Lakini tangu siku hiyo, kila akivuta droo ya PC alisikia mtu akivuta pumzi mle ndani, polepole, kama anayepanda mlima. Akaipaka droo mafuta. Haikusaidia. Akavihamisha vipuri kwenye droo nyingine, na pumzi ikahama navyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo zahanati moja ya upande wa Suneka ikatafuta mtu wa kuwauzia vipuri vya mashine zao, mwenye simu iliyo wazi kila siku. Joyline, mke wa mwanawe, ndiye aliyeleta habari.

"Ukikataa watatafuta mwingine, mama."

"Watafute."

"Na hii simu imejaa. Nifute za zamani?"

"Futa. Hiyo ya Momanyi usiiguse."

Joyline akaitazama. "Hujaifungua? Miaka miwili? Mimi hata dakika mbili nisingeweza."

"Wewe huwezi hata kungoja ugali uive."

Joyline hakucheka. Aliiweka simu kwenye kaunta, katikati yao. Persis akanyoosha kidole kile kile cha kuchagulia vipuri, akagusa.

"Mama, umetuma pii. Nilisema bii, bii ya baba. Kama bado uko dukani natuma pikipiki sasa hivi, mzee hapa..." Nyuma ya Momanyi mashine ilikuwa ikilia kwa sauti nyembamba, na nyuma ya mashine, pumzi. Ile ile. Polepole, kama anayepanda mlima. Kisha Momanyi, kama anayejisemea: "Aa. Ni Sabato."

Persis alivuta droo. Pumzi ilikuwepo. Akairudisha taratibu.

"Wewe Mkatoliki," akasema.

"Nilibatizwa hivyo, na sijakimbia."

"Ijumaa jua likizama, simu itakaa kwako. Usiizime."

"Kwa hiyo dhambi unanirushia mimi?"

"Hilo nitaulizwa mimi, si wewe." Akamsogezea simu pamoja na ufunguo wa duka. "Mtu akituma sauti, mwambie atume picha ya maiti. Kisha msomee namba, herufi moja moja, akuitikie. Mimi usiniulize. Mimi nasikia ninachokijua. Anza na hao wa Suneka. Wapigie sasa. Leo ni Ijumaa."