Mikono Mitupu Forodhani

Kule Mpepai, kwa Wamatengo, mtu hafiki kwa wakwe zake na kutangaza alichobeba. Anaweza kuwa amejitwika gunia la maharage, jogoo yuko kwapani na chupa ya asali mkononi, lakini mlangoni atasema, "Tumekuja mikono mitupu." Mwenyeji atacheka, atapokea jogoo, na heshima itabaki mahali pake. Placidi, mhunzi, alikulia katika adabu hiyo, na ndiyo iliyomponza alipotuma visu vyake Ujerumani.

Ni mtu wa makamo sasa, mabega mapana, maneno machache. Baba yake, marehemu mzee Bernadi, alifua nyengo za kufyekea na majembe ya kuchimbia ngolo, yale mashimo ya mlimani yanayozuia mvua isisombe udongo. Placidi alipokuwa kijana aliiacha nyundo ya baba akaenda Ngaka, kwenye gereji ya malori ya makaa ya mawe, akawa fundi wa kufunga na kufungua springi. Alirudi nyumbani kumzika baba yake na hakwenda tena. Alichorudi nacho ni ujuzi wa chuma kimoja tu: springi ya lori, hata ikikatika kwa mzigo wa makaa na mashimo ya barabara, bado ina uhai mwingi ndani yake. Akawa ananunua springi zilizokatika, anazifua visu.

Wateja wake wa kwanza walikuwa akina mama wa Lituhi wanaopasua samaki ufukweni mwa ziwa. Kumpasua mbasa mgongoni bila kuchana nyama kunataka kisu chembamba kinachopinda kidogo kisha kurudi. Vya dukani ama vilikataa kupinda, ama vilipinda vikabaki hivyo hivyo. Cha Placidi kilirudi. Mpini aliuchonga kutoka kwenye visiki vya mibuni mizee iliyong'olewa mashambani, na chini ya mpini alipiga mikato mitatu midogo, alama ya baba yake.

Msemaji wa akina mama hao ni Aurelia, ambaye ulimi wake unajulikana pwani nzima ya kaskazini. Kila Placidi aliposhuka na mzigo alitandika gunia, akapanga visu, akasema maneno yale yale: "Nimeleta vichache, vya kubahatisha tu." Na Aurelia kila mara alimjibu kwamba basi watalipa bei ya kubahatisha.

Ni hapo kwenye vichanja vya Aurelia ambapo Barbara, Mjerumani mwenye mgahawa kwao, alikiona kisu hicho. Alikuja na wageni wa parokia. Wenzake walipokwenda kuogelea, yeye alikaa na akina mama akipasua mbasa mpaka mikono ikanuka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilitosha kuuliza ni nani aliyefua. Alipanda hadi kiwandani kwa Placidi, akapiga picha, akaagiza visu vinane na kulipa vyote kabla ya kuondoka.

Placidi alivipeleka kwa wakala mmoja wa vifurushi mjini Mbinga. Kijana wa dirishani alimwuliza thamani ya mzigo. Nyuma yake kulikuwa na foleni, na katika foleni alikuwemo katekista wa kigango chao. Kutaja kwa sauti bei ya kazi ya mikono yake mbele ya watu wale kulimwia sawa na mtu kujisifu msibani. Akasema iandikwe kidogo tu. Kijana akataka tarakimu, na Placidi akataja bei ya kuku mmoja. Alipoulizwa kuhusu bima akasema haina haja, vyenyewe ni vitu vidogo vya nyumbani. Ndivyo ilivyoandikwa.

Kifurushi kilipotea mahali fulani kati ya uwanja mmoja wa ndege na mwingine, na hakuna aliyejua ni wapi. Baada ya miezi ikaja fidia, ikifuata maandishi bila kupunguza wala kuongeza. Placidi alilipwa kuku mmoja.

Hildegardi, mke wake, aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama.

"Wamekulipa ulichosema," alimwambia, akarudi jikoni.

Fedha ilimwuma, lakini kilichomnyima raha zaidi ni ile karatasi. Ilisema visu vinane vya Placidi wa Bernadi ni sawa na kuku, na maneno hayo hakuna aliyemsingizia. Barbara aliandika kwamba asijali, bahati mbaya humpata kila mtu. Placidi akamjibu kuwa atafua vingine vinane. Alichagua springi moja moja, akaigonga na kuisikiliza, na visu viwili ambavyo Lituhi wangevigombania alivirudisha motoni kwa sababu migongo yake haikumridhisha.

Vilipokaribia kwisha, Barbara akatuma ujumbe mwingine. Aliomba safari hii iandikwe kuwa ni zawadi, ya thamani ndogo, ili forodha ya kwao isimtoze. Hildegardi aliona ni busara. Huyo ndiye mteja wao pekee wa ng'ambo. Kwa nini wamtwishe ushuru? Placidi hakubisha, ila hakulala vizuri. Asubuhi alichukua visu akaenda mjini, safari hii kwenye ofisi nyingine, kwa karani aitwaye Anjelina, mwenyeji wa Sumbawanga.

Anjelina alimwamkia, akachomoa kisu kimoja, akakipinda kwa kidole gumba na kukiachia.

"Kumbe Wamatengo nanyi mnafua? Wafipa, babu zangu, waliyeyusha mawe yakawa chuma wakati wenu wanachimba mashimo."

"Mashimo ndiyo yenye chakula, mwanangu," Placidi akasema. "Mawe hayaliwi."

Walipomaliza kucheka, Anjelina alimfundisha kazi kama anavyomfundisha kila mtu. Zawadi ni kitu kisicholipiwa. Hivi vimelipiwa, kwa hiyo ni bidhaa. Ushuru hutozwa anayepokea, na wa huko huukadiria kwa bei iliyoandikwa. Bima hulipwa na anayetuma, nayo haimfidii zaidi ya bei hiyo hiyo. Ukiandika ndogo umemdanganya afisa wa kule na umejiibia mwenyewe. Ukiandika kubwa kupita kweli, siku ya hasara utatakiwa uthibitisho. Tena kuandika "visu" peke yake hakutoshi, kwa kuwa nchi nyingi hukataa vyenye makali pande mbili. Yafaa iandikwe ni vya jikoni, vimefuliwa kwa mkono, vyenye makali upande mmoja. Kila kimoja kivikwe ala ya kadibodi ngumu, na ncha ichomekwe kwenye kipande cha kandambili ili isimjeruhi mpakuaji.

Placidi alimweleza habari ya kifurushi cha kwanza. Anjelina alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, forodha si wakwe zako," alisema. "Ukiwaambia umekuja mikono mitupu, wanaandika hivyo."

Kisha akashika kalamu na kumwuliza thamani. Foleni ilikuwepo leo pia. Placidi alikohoa. Akataja bei aliyolipwa na Barbara kwa kila kisu, kwa sauti ya kawaida, na nyuma yake mtu akaguna. Hakugeuka. Alilipia bima ya thamani yote, ikala faida ya visu viwili, akabaki na stakabadhi mfukoni kwenye shati.

Nje ya ofisi alimwandikia Barbara: "Nimeandika bei ya kweli. Ushuru utakuwa juu yako, unisamehe. Visu hivi si kitu kidogo."

Simu ilionyesha kuwa amesoma. Jibu halikuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Hildegardi alisema mara moja tu, "Umemfukuza," hakurudia. Placidi aliendelea kufua visu vya Lituhi. Alijua kwamba huenda amempoteza mteja kwa ajili ya neno moja, na kila alipojaribu kulijutia alikuta hawezi.

Ujumbe wa sauti wa Barbara ulipofika kwenye simu, Placidi aliacha mivukuto akatoka nje kuusikiliza. Mzigo umefika, alisema, lakini afisa wa forodha aliuzuia. Aliona maelezo kwamba visu vimefuliwa kwa mkono, akaitazama bei, akashuku ni ya uongo. Kwake ilikuwa ndogo mno. Ilibidi Barbara apeleke uthibitisho wa malipo na picha ya kiwanda cha Placidi ndipo akaruhusiwa kulipa ushuru. Aliulipa, na hakuficha kuwa umemwuma. "Lakini yule afisa," akamalizia, "alisema ukimwona fundi mwambie anauza rahisi." Akaagiza vingine, na bei akaipandisha mwenyewe.

Placidi alimpa mke wake simu. Hildegardi alisikiliza, akakaa kwenye gogo la kufulia chuma, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Kumbe hata ulipojisifu," alisema, "ulijisifu kimatengo."

Wiki hiyo hiyo Placidi alishuka Lituhi. Akina mama walikuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa lao. Walipomwona walinawa mikono wakasogea. Alitandika gunia lake, akapanga visu, mipini upande wa wanunuzi. Aurelia alisimama mikono kiunoni akisubiri maneno yake ya siku zote ili ampe jibu lake la siku zote.

"Nimeleta visu," Placidi akasema. "Ni vizuri." Akataja bei mpya.

Aurelia alichukua kisu, akakipinda, kikarudi. Akakipinda tena, kikarudi.

"Wazungu wametuharibia fundi wetu," aliwaambia wenzake. Kisha akafungua fundo la khanga kutafuta fedha, kisu bado kikiwa mkononi, asije mwingine akakichukua.