Uzi wa Mkono wa Kiran

Harufu ya maziwa yaliyochemka na iliki ndiyo iliyotuamsha mimi na kaka yangu Kiran siku ya Raksha Bandhan. Mtaani kwetu Kasulu sisi tu ndio tuliokuwa Wahindu, tukiishi nyuma ya duka letu la vitambaa, na vumbi jekundu la Agosti liliingia hadi kwenye sinia la barfi, vitamutamu vyetu vya maziwa na sukari. Siku hiyo dada humfunga kaka yake uzi mkononi na kumlisha barfi, naye kaka huahidi kumlinda. Kiran aliahidi mdomo umejaa. Nikamwambia ahadi ya namna hiyo siitaki, airudie akishameza.

Mwaka ule Yoeli, rafiki yake wa nyumba ya jirani, naye alinyoosha mkono. Nikamfunga. Jioni mama yake akaja na uzi uliokatwa, ameukunja kwenye karatasi. "Mama Kiran, usinielewe vibaya," alimwambia mama yangu kwa upole. "Sisi ni watu wa kanisa. Hirizi hatuvai." Mama alieleza mpaka akachoka. Mimi nilimchukia yule mama, nikaacha hata kumwamkia.

Mvua zilipoanza, homa ikamchukua Kiran. Mwili tuliuchoma kwa desturi yetu, majivu tukayamwaga Mto Malagarasi, kwa hiyo hata kaburi la kwenda kulilia sina.

Agosti iliyofuata mama hakuchemsha maziwa. Nilikaa kizingitini mwa duka nikisokota uzi mwekundu, nisijue nitamfunga nani. Mama Yoeli akaja amemshika mwanawe, akachuchumaa mbele yangu, akamkunjia mkono wa shati. "Mfunge, mwanangu," akasema. "Safari hii sikati." Kilio kilinishinda, fundo halikukaa, akanishikia ncha moja.

Siku hizi watu huagiza nyuzi za kumetameta kwa simu, zinaletwa na basi. Mimi bado nasokota zangu. Mama Yoeli alishazikwa, lakini Yoeli, baba wa watoto sasa, huja kila Agosti na pikipiki yake kutoka Buhigwe. Namfunga, namlisha, naye huahidi mdomo umejaa, makusudi, ili nicheke. Kisha hunipeleka mtoni na uzi wa pili, nikauachia majini. Kiran angekuwa mtu mzima mwenye kitambi, labda na mvi. Uzi wake bado naukata saizi ya mkono wa mtoto.