Lukeria na Jike Aliyeachwa Apite

Hii ninayowapa leo hamtaiamini, na wala siwalaumu. Mimi mwenyewe Nikifor, niliyekuwepo na macho yangu mawili ambayo daktari wa mjini aliyasifu mbele ya watu, nikiikumbuka najiuliza kama sikuota. Ni habari ya mpwa wangu Lukeria, mtoto wa dada yangu Agafia, ambaye kazi yake ni kuwasimamisha samaki njiani na kuwauliza wanakwenda wapi. Naiandika mezani kwake mwenyewe, yeye yuko hapo anakata vitunguu, na kila nikijaza ukurasa namsomea. Amesema hataki kuandikwa bila kusikia. Mpaka sasa hajasema kitu. Anajua anayeandika ni nani.

Yeye husema ni fundi wa ofisi ya samaki. Sawa. Kila kiangazi huondoka hapa kijijini kwetu Nunaluk, hupanda mto Tukulak nusu siku kwa boti, na huko juu wana uzio: fito za chuma zimesimamishwa majini kutoka ukingo huu hadi ule, zimebanana hata mkono wangu haupenyi, na mkono wangu si mnene kama wanavyosema wanawake wa kijiji hiki. Katikati ya uzio kuna kilango kimoja tu. Samoni anayepanda kwenda kutaga lazima apite hapo, na juu ya kilango ameketi Lukeria, miwani nyeusi machoni, kifaa cha kubonyeza mkononi. Akipita mmoja, anabonyeza. Akipita mwingine, anabonyeza. Mvua inyeshe, mbu wamle, dubu aje kutazama kuna nini, yeye anabonyeza. Siku moja nilimpokea nimsaidie, nikasinzia. Wanadai samaki ishirini walipita nikikoroma. Mimi nasema kumi.

Samaki wengine huwaelekeza kwenye sanduku lililozama kando ya kilango. Humo anamshika samaki mmoja mmoja, anampima urefu, anamnyofoa magamba matatu, anamwachia aende zake. Magamba hayo husomwa mjini, na eti yanasema samaki ana miaka mingapi na baharini alikaa muda gani. Mimi umri wangu hawajaweza kuusoma hata kwa cheti.

Kazi hiyo dada yangu aliichukia kuliko alivyomchukia mkwe wake, yule aliyemwacha Lukeria akaenda mjini bila hata kuacha anwani. Kwetu sisi samaki hachezewi. Kama huna nia ya kumla, humshiki. Humtanii, humsemi, kwa sababu anasikia, na mwakani hatakuja. Agafia alikuwa akitoka kanisani anajivuta kitambaa usoni kama aliyefiwa.

"Binti yangu anawanyoa samaki," alikuwa akiwaambia wenzake. "Nimezaa, nimelea, kumbe nalea kinyozi."

"Mama, ni magamba matatu tu."

"Na wewe ukinyofolewa nywele tatu kila ukienda dukani, utarudi dukani?"

Lukeria akachukua koti lake akatoka. Hata mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikamfuata.

Lakini hakuiacha kazi. Mtoto huyu alikulia kwenye kambi yetu ya samaki ng'ambo ya mto. Kisu cha kupasulia alikishika kabla hajaota meno yote ya mbele, na aliiona miti ya kuanikia ikipinda kwa uzito, nyama nyekundu kila upande, moshi ukitoka kwenye banda mchana kutwa. Kisha akaiona miti hiyohiyo ikinyooka. Kila kiangazi ikinyooka zaidi. Siku moja nilimuuliza anakaa vipi pale juu ya maji kutwa nzima bila kuchoka, akanijibu, "Mjomba, kuna mtu lazima ajue wamebaki wangapi. Heri awe mtu anayewapenda."

Sasa mnielewe vizuri. Katika samoni wote kuna yule mkubwa tunayemwita mfalme, na huyo ndiye aliyepungua. Ofisi imeweka idadi. Wafalme wakipita kilangoni wakafika idadi hiyo, mto unafunguliwa siku moja, kila nyumba inatega wavu. Wasipofika, marufuku. Kwa hiyo kijiji kizima, watu na mbwa wao, tulikuwa tunasubiri kidole cha mpwa wangu.

Na kiangazi hiki aliyesubiri kuliko wote alikuwa mama yake.

Agafia alikuwa anakwisha. Ugonjwa wa tumbo ulimla tangu barafu ikiwa bado mtoni, hospitali wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu na maneno mazuri. Chakula kilimshinda. Jirani yake Matrona, aliyekuwa akikaa naye kumuuguza, alikuwa akimpa biskuti iliyolowa kwenye chai, kijiko kimoja, na hicho kimoja kinarudi. Kitu kimoja tu alikitaka: supu ya kichwa cha mfalme. Shavu, na ile nyama laini nyuma ya jicho, na mafuta yanayoelea juu.

"Nikuletee cha samoni wa mbwa?" nilimuuliza, yaani wale wa hali ya chini tunaowalisha mbwa. "Hao hawajafungiwa."

"Niki, nimekula wa mbwa miaka mitatu. Nikiendelea nitabweka."

Nilipekua friza za kijiji kizima. Mikia niliipata, vichwa hakuna. Vichwa ndivyo huliwa kwanza. Nikamnong'oneza kwamba nitamtegea wavu kwa siri, mimi wavu wangu hata maji hayajui kama umo. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, maana ndiye aliyenilea.

"Halafu mwanangu akiulizwa huko kazini mjomba wake kafanya nini, aseme nini?"

Basi wavu nikauacha bandani.

Ikawa hivi: kila adhuhuri, Lukeria akipokewa zamu na mwenzake Colby, kijana wa chuo, mpole, anayemwogopa dubu hata akimwona kwenye picha, alikuwa anaita nyumbani kwa redio kolu. Na hapa kwetu redio kolu haizimwi. Iko jikoni, iko kwenye boti, iko kando ya kitanda. Ukiongea na mama yako, umeongea na mto mzima.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka. Wamefika?"

"Bado, mama."

Kisha Wassily wa nyumba ya mwisho, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kilango: "We Lukeria! Bonyeza mara mbili mbili, kidole kina baridi yabisi?"

"Wassily, wewe hesabu watoto wako kwanza, mmoja anakula kwetu tangu juzi."

Watu wakacheka, mto mzima. Lakini walicheka kwa njaa. Wengine walimfuata hata kwa maneno mazito zaidi, kwamba ameuza kijiji, kwamba wengine wangeshaongeza wachache, nani atajua. Mimi pia nilimwambia, siku moja nilipokwenda kule kwenye uzio. Nilimwambia, "Mpwa, ni dada yangu yule." Akasema, "Ni mama yangu, mjomba. Lakini nikiongeza wa uongo, ofisi itafungua, na nyavu zitakamata wa kweli. Wale wachache waliobaki." Akageuka akatazama maji. Nikajifanya naangalia mashine ya boti.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nimewapelekea petroli na unga, kwa sababu hakuna anayeujua Tukulak kama mimi. Hata mawe yake huwa yananisogelea kunisalimu. Nikamkuta Lukeria ndani ya maji hadi kiunoni, amevaa suruali yake ya mpira, ameinama juu ya sanduku. Colby yuko kilangoni.

"Mjomba, njoo uone," akasema, sauti ya chini kabisa.

Ndani ya sanduku alikuwamo mfalme. Jike. Alikuwa mrefu kama mlango wa kanisa... haya, Lukeria ameinua kisu cha vitunguu. Alikuwa mrefu kama mkono wangu toka begani, ubavu umeanza kugeuka mwekundu, tumbo limejaa. Sijaona samaki mzuri kama yule kwa miaka. Kichwa chake peke yake kingejaza sufuria.

Nikatazama juu, nikatazama chini. Nikasema, "Colby hatazami huku."

"Mjomba."

"Samaki hufa. Kwenye masanduku haya samaki hufa kila mwaka, si ulinieleza mwenyewe? Huandikwa amekufa, basi."

Alikuwa amemshika, mkono mmoja shingoni mwa mkia, mwingine chini ya tumbo, kama unavyomshika mtoto unapomwogesha. Yule samaki alitulia kabisa. Nami nikamwona Lukeria anakitazama kile kichwa. Alikitazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamdondokea majini na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Ndipo redio ikaita, ile aliyoitundika kwenye fito. Ilikuwa adhuhuri, na Agafia alikuwa amechoka kusubiri aitwe.

"Lukeria. Mbona kimya?"

Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe, nikamwekea redio mdomoni.

"Niko kazini, mama. Nimemshika mmoja."

"Mfalme?"

"Mfalme."

Mto mzima ulisikiliza. Hata Wassily hakupumua.

"Dume au jike?"

"Jike, mama."

"Ana mayai?"

"Amejaa, mama. Amejaa tele."

Nilisikia pumzi za dada yangu redioni, fupi fupi, na nyuma yake sauti ya birika la Matrona. Nikawa naomba aseme. Aseme tu neno moja, mwanangu niletee, na mpwa wangu angeleta, najua angeleta, ajira na iende zake.

"Mikono umeilowesha?" akauliza Agafia. "Mikono mikavu inamchubua."

"Nimeilowesha."

"Umemshika vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Basi mwache apite, mwanangu. Mimi nimeshakula."

"Umekula nini, mama?"

"Supu. Matrona amenipikia. Nimeshiba."

Hakuna mtu mtoni asiyejua kwamba ni uongo. Dada yangu hakuwahi kusema uongo, hakuwa na kipaji hicho, kipaji hicho nilikichukua chote mimi. Lukeria alifumba macho. Kisha akafanya kazi yake. Akampima. Akamnyofoa magamba matatu, polepole, huku mama yake akisikiliza maji redioni. Akamwelekeza kichwa upande wa juu wa mto, akamshikilia kidogo ashike nguvu, akafungua mikono. Mkia ulipiga mara moja, akaenda.

"Amepita, mama."

"Vizuri. Umefanya vizuri."

Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza mama yake kumwambia hivyo kuhusu kazi ile.

Lukeria alibaki amesimama majini. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Mjomba, washa mashine. Mama hajawahi kusema ameshiba."

Colby alikuwa amesikia yote. Alisema atahesabu peke yake, twende, na dubu akija watazoeana. Tukaondoka. Na hapo niliendesha boti kama ambavyo hajawahi kuendesha mtu yeyote katika mto huu. Miti ya ukingoni ilipinda kwa upepo wangu. Lakini maji yalikuwa yamepungua. Kwenye kona ya pili tukapanda mchanga. Tukashuka, tukasukuma. Tukapanda mwingine, tukasukuma. Lukeria alikuwa mbele, kamba begani, anavuta kama mbwa wa sleji, na kila tukikwama anaita redioni, "Mama, nakuja," na Matrona anajibu badala yake, "Njooni. Njooni tu." Kisha Matrona naye akaacha kujibu.

Tulipofika niliiacha boti mchangani bila hata kuifunga. Lukeria alipanda ukingo mbio, suruali ya mpira ikivuja maji, mikono haijaoshwa, utelezi wa samaki umemkaukia hadi kwenye viwiko. Akapita kuku, akapita ngazi, akapita Matrona mlangoni. Dada yangu alikuwa amelala ameelekea dirisha la mtoni. Lukeria akapiga magoti kitandani, akaweka viganja vyote viwili usoni mwa mama yake. Na hapa ndipo niliposema hamtaamini. Agafia alivuta pumzi. Akainusa mikono ile, kiganja kimoja, akahamia cha pili, kama mtu anayeinamia bakuli. Rangi ikamrudia mashavuni. Akafumbua macho, akacheka, akasema, "Huyu wa kwetu kabisa, huyu alikuwa na mafuta," akainuka akaketi, akamwita Matrona alete kijiko, na harufu ya supu ikajaa nyumba nzima mpaka...

"Mjomba."

Ameweka kisu chini. Amekuja kusimama nyuma ya kiti changu, na anasoma mwenyewe.

"Mama hakuinuka, mjomba. Hakunusa kitu. Matrona alikuwa ameshamfunga kitambaa kidevuni. Wewe ulisimama mlangoni na kofia mkononi, ukaniuliza kama amelala. Futa hapo. Andika kwamba tulichelewa."