Birika la Wadi Nusra

Protus Barasa alipokabidhiwa gari la maji, alimpigia mamake simu Webuye akamwambia amepata kazi ya heshima. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Alipofika Jeddah mara ya kwanza alibeba mizigo bandarini, na usiku akalala mtaa wa Kandara katika chumba chenye wanaume wengi kuliko vitanda. Sasa anakaa juu ya kiti chake mwenyewe, kiyoyozi kinampuliza usoni, na kokote anakofika watu wanafurahi kumwona. Maji yana hadhi yake.

Gari lilikuwa la kampuni, na kampuni ilikuwa na kandarasi ya manispaa ya Wadi Nusra, mji mdogo pembeni mwa Jeddah. Upande wa juu wa mji huo ni nyumba mpya zenye kuta ndefu na mageti ya umeme. Upande wa chini ni mtaa mkongwe wa wafagizi, mafundi, madereva, na familia za Kiafrika ambazo mababu zao walikuja kuhiji wasirudi. Juu kuna maji ya bomba. Chini mtaro wa bomba ulichimbwa ukaishia nusu ya njia, kwa hiyo kila asubuhi Protus alishuka na gari kujaza matangi ya watu.

Wa kwanza kumngoja alikuwa Hajja Maimuna, mjane wa asili ya Kihausa aliyezaliwa mtaani humo. Alipikia vibarua wali na maharagwe, na jina la Protus halikumkaa mdomoni.

"Yalla, Brutusi! Sufuria zinakungoja wewe!"

Protus alicheka kila siku, na kila siku alipewa sahani.

Kisha mambo yakawa magumu. Kampuni zilipunguza watu, miradi mikubwa ikasimama, na vibarua wengine wakabaki vyumbani, ikama zao, vile vibali vya kuishi nchini, zimeisha na kafili aliyewadhamini hapokei simu. Manispaa nayo ikatangaza kwamba inabana matumizi. Maktaba ikafungwa. Mtaro wa bomba ukaachwa wazi vile vile, ukajaa takataka na paka. Na siku moja msimamizi wa Protus, Mmisri aliyeitwa Sabri, akamsimamisha getini.

"Kuanzia kesho huendi mtaa wa chini. Unakwenda kwenye mzunguko."

Kwenye mzunguko wa barabara wa upande wa juu palikuwa pamejengwa birika la kahawa la shaba, refu kupita nyumba ya ghorofa, limeinama kama linalomimina. Maji yangetoka mdomoni mwake, yaangukie kwenye kikombe kipana kama bwawa, na taa za rangi ziwake chini yake.

"Na watu wa kule chini, bosi?" Protus akauliza.

"Watanunua. Malori ya watu binafsi yapo."

"Watanunua na nini? Wengi hawana kazi."

Sabri hakuwa mtu mkali. Alimweleza kama anavyoelezwa mtoto: fungu la kusambaza maji limekatwa, fungu la kupamba mji halikukatwa, na hela ya fungu moja haiwezi kuhamia fungu lingine. "Hela ya urembo hainywewi, Brutusi. Halas, basi. Nenda."

Protus alikwenda. Kikombe kile kilivuja. Alichomwaga asubuhi, hadi adhuhuri nusu yake imeshatoroka barabarani na jua la Agosti limekilamba. Mafundi waliziba ufa, ukafunguka mwingine. Wakati huo Protus anasimama na mpira mkononi anajaza upya.

Rispah alimpigia simu. Rispah alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa Vihiga, anayefanya usafi katika zahanati moja na kupanga chumba mtaa wa chini pamoja na wanawake wengine.

"Protus, ni wewe unamwaga maji pale juu?"

"Ni kazi, Rispah."

"Kazi gani hiyo? Unajua leo nimeoga na nini? Maji ya AC. Tunakinga yale matone na ndoo, tunapeana zamu. Watoto wa jirani wametoka upele mwili mzima. Hajja amefunga jiko. Na wewe unaniambia kazi?"

"Sasa unataka nifanye nini? Nifutwe?"

"Sijakwambia ufutwe. Nimekuuliza kama ni wewe."

Akakata. Protus alimkasirikia Rispah njia nzima. Jioni hiyo alishuka mtaa wa chini kwa miguu ili amjibu vizuri, na alipofika kwa Hajja Maimuna akasahau alichotaka kusema. Sufuria zilikuwa zimelazwa kifudifudi ukutani, kavu, zina vumbi. Hajja alikuwa ameketi kwenye kizingiti.

"Baba yangu alichota maji kisimani, pale," alisema akionyesha kwa kidevu. "Wakaja watu wa manispaa wakakifukia. Wakasema kisima ni aibu, tutawaletea bomba. Nilikuwa msichana. Sasa sina meno. Bomba liko wapi, Brutusi?"

Asubuhi Protus alimwomba Sabri ruhusa ya kupeleka gari moja tu chini. Sabri alimwonyesha kile kidude kilichobandikwa kwenye dashibodi. "Hiki kinasema kila unakopita. Kata kona tu, kafili ataijua kabla hujazima injini. Unataka kurudi kwenu?"

Protus akapanda gari akaelekea kwenye mzunguko. Alijichukia kwa kutii, na chuki hiyo akaibeba hadi siku ya uzinduzi wa birika.

Siku hiyo, baada ya swala ya alasiri, wageni waliketi chini ya mahema meupe, wakapewa kahawa na tende. Gari la Protus lilifichwa nyuma ya miti ya mapambo, mpira tayari, ili kikombe kisipungue mbele ya wageni. Mkubwa mmoja alisema maneno. Birika likamimina. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Hajja Maimuna alipovuka barabara na galoni la njano. Nyuma yake alikuwa Rispah na sare yake ya zahanati, na nyuma ya Rispah wanawake wengine, na vibarua wenye ndoo. Hawakupiga kelele. Hajja alipanda ukingo wa kikombe, akainama, akazamisha galoni.

Kijana mmoja wa itifaki akamkimbilia. "Mama, mama, maji haya si ya kuchota!"

"Kwetu mafi moya," Hajja alisema bila kuinua kichwa. "Hamna hata tone. Kama haya si ya kuchota, ni ya nini?"

Yule kijana akageuka kuwatazama wakubwa. Wakubwa wakatazama vikombe vyao vya kahawa.

Sabri alifika kwenye gari akihema. "Funga! Funga maji, ondoa gari, kabla watu wako hawa hawajatuharibia kazi!"

Protus alishuka. Aliuvuta mpira kutoka kwenye kikombe, akaukokota hadi barabarani walikosimama watu.

"Leteni galoni!" alipaza sauti. Kisha akamgeukia Sabri, akamwambia kwa Kiswahili, maana Kiarabu chake kilikuwa kimekwisha: "Ulisema hela ya urembo hainywewi. Leo itanywewa! Mnafukia kisima cha watu, mnawaachia shimo, halafu mnajenga birika! Hamuoni hata haya!"

Sabri hakuelewa neno, lakini alielewa. Alinyoosha mkono kudai funguo. Protus alimpa baada ya tangi kukauka.

Picha za uzinduzi hazikuwahi kutolewa. Kafili alifoka, akatishia kumfukuza nchini, kisha akakumbuka kwamba madereva wenye leseni ya magari makubwa ni wachache. Akampeleka Riyadh, kumwagilia mitende katikati ya barabara kuu.

Rispah ndiye anayempa habari. Gari la maji limerudishwa mtaa wa chini, siku moja linakuja, siku moja halionekani. Hajja amefungua jiko tena. Mtaro bado uko wazi. Birika limezungushiwa uzio wa chuma na kuwekewa mlinzi wa kulichunga mchana na usiku.

"Mlinzi? Hela ya mlinzi imetoka wapi?" Protus akauliza.

"Si wanasema kuna fungu la ulinzi."

Protus alipiga usukani kwa ngumi hadi honi ikalia.

Mamake alipozisikia habari hizo alimsihi atulie, amshukuru Mungu kwamba bado ana kazi.

"Mungu namshukuru, Mama," Protus alimjibu. "Hao wengine siwezi."