Ng'ombe wa Karo

Siku Chelangat alipoletwa kwa Kiprugut, alisimama mlangoni akakataa kuingia, kama desturi inavyomtaka bibi arusi, hadi watu wa mume wakamwahidi ng'ombe. Ng'ombe huyo alikuwa wake, si wa Kiprugut. Lakini mzungu wa Molo waliyemkamulia maziwa hakutaka mifugo ya vibarua izidi shambani mwake, basi ng'ombe akapelekwa Olenguruone kwa Kipketer, kakake Kiprugut, amtunze. Maziwa anywe Kipketer, ng'ombe na ndama wabaki wa Chelangat. Fisi kapewa bucha alinde! Karibu kila ndama, Kipketer alidai, alikufa, na mwaka waliokufa watatu ndio mwaka aliooa mke wa pili. Akabaki mtamba mmoja mwekundu, mjukuu wa yule wa kwanza.

Mwisho wa mwaka hamsini na saba binti yao Zeddy akapita mtihani wa darasa la nane, msichana peke yake katika shamba zima. Barua ya shule ya sekondari ilisema wazi: karo, blanketi na sanduku kabla ya tarehe kumi na tano Januari, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Chelangat hakumpigia mtu magoti.

"Nenda ulete ng'ombe wangu tumuuze," alimwambia mumewe.

Kiprugut akaenda. Siku nne zikapita, ikawa tarehe kumi na mbili, na mtu hajarudi. Chelangat akajifunga shuka, akafuata mwenyewe kwa miguu, baridi ya Mau ikimkata masikio.

Harufu ya nyama ilimpokea kabla ya mbwa. Ngozi nyekundu ilikuwa imewambwa uani, mbichi bado, na hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Ndani wanaume saba walikuwa wakitafuna, inzi wakitembea juu ya mifupa bila haya. Haya ingetoka wapi katika nyumba ile?

"Karibu, shemeji!" Kipketer akasema, mate na mafuta vikimtoka. "Wazee hawa wamekuja kumposa Zeddy. Msichana wa darasa la nane! Wanatoa ng'ombe wanane. Tungewapokea kwa mboga?"

"Mmechinja karo ya mtoto."

"Mmoja kwa wanane, mama Zeddy," mtu akajibu kutoka pembeni. "Kaa ule, nyama inapoa."

Alikuwa Kiprugut. Ameshika ubavu, mafuta yamemtiririka hadi kwenye kiwiko. Miaka kumi na saba Chelangat alikuwa ameupikia mdomo ule. Alitoka nje akashika njia ya kurudi Molo.

Zeddy alimkuta barabarani, karibu na lango la shamba, barua mkononi.

"Mama, ng'ombe ameuzwa?"

"Ameliwa."

"Na nani?"

Chelangat alitamani kusema fisi.

"Na baba yako," akasema.