Udongo wa Kibanjani, Maji ya Mwaloni

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Bukoba saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na cheti cha chuo ndani ya bahasha na viatu vya wazi miguuni. Afisa Afya wa Wilaya alivitazama viatu kabla ya kukitazama cheti. Aliingia stoo, akatoka na mabuti ya mpira ya namba tisa, wakati mimi navaa sita, akaniambia nijaze magazeti mbele. Kisha akanipeleka sokoni, nyuma ya mabucha, kwenye mfereji uliokuwa umeziba kwa utumbo na maganda ya ndizi, akanikabidhi koleo.

Tulizibua mfereji ule mimi na yeye mpaka karibu saa sita. Hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Tulipokuwa tunanawa nilimwuliza swali nililotoka nalo chuoni. Mkufunzi wetu alitufundisha kwamba viko vijidudu vinavyoishi tumboni mwa binadamu na kumsaidia, sasa sisi tungejuaje cha kuua na cha kuacha? Mzee yule aliendelea kusugua kucha zake kwa brashi ya kufulia, bila haraka.

"Binti, watoto wanatufia kwa kuhara," alisema. "Hao marafiki zako wa tumboni watajitetea wenyewe. Wewe ua."

Nililishika neno hilo kama amri, na kwa miaka mingi lilinitosha.

Niwaeleze kidogo kazi ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi ninyi vijana wa afya mnajaza fomu kwenye simu. Sisi tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, na huo ndio ulioitwa ukaguzi wa kaya. Nilibeba tochi ya kumulika shimo la choo, kamba yenye jiwe ya kupimia kina chake, na daftari. Niliangalia kama choo kina mfuniko wa kuzuia nzi, kama vyombo vinaanikwa kwenye kichanja badala ya kulazwa chini, maji yanachotwa wapi, mbuzi wanalala wapi. Asiyekuwa na choo nilimwandikia ilani, yaani karatasi ya kumpa siku kadhaa awe amechimba; siku zikiisha, jina lake linakwenda kwa Mtendaji wa Kata. Watu waliniita Bwana Afya ingawa nilivaa gauni. Wanawake katika kazi ile tulikuwa wachache, na hakuna aliyejisumbua kutafuta jina jingine. Watoto wakiniona na mabuti yale walikimbia kuwaambia mama zao wafiche mtungi wa maji usio na mfuniko.

Kutoka mjini nilihamishiwa Kaagya, kwenye vibanja vya migomba na kahawa. Huko ndiko nilikokutana na Adelina, na yeye ndiye sababu ya mimi kuandika haya.

Adelina alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, ameolewa karibu na kanisa. Nilifika kwake siku ya nne baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza, mvulana aliyekuwa ameanza kutembea. Alihara siku mbili tu. Nilikagua mji ule, nyumba na uwanja wake, kama nilivyofundishwa. Choo kilikuwa upande wa juu, kisima upande wa chini, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Adelina alinifuata nyuma mpaka nilipofunga daftari, ndipo akaniuliza alikosea wapi. Nilikuwa kijana na sikuwa nimezaa. Nikamjibu kwa neno moja, kwamba ni uchafu.

Alipopata mtoto wa pili, binti aliyeitwa Kokugonza, alinitumia ujumbe nifike. Nilimpa kila nililokuwa nalo. Kuchemsha maji, kuhamisha choo, kunawa kwa sabuni, kuwatoa mbuzi ndani ya nyumba, kuondoa nyasi zilizotandikwa sakafuni kwa desturi yetu. Nilimpa pia chupa ya dawa kali ya kusafishia choo. Adelina alitekeleza yote, na akaongeza ya kwake. Mtoto hakugusa ardhi. Alikaa kwenye mkeka, na mkeka juu ya kitanda. Watoto wa jirani walizuiwa langoni. Ile dawa ya choo aliitia katika maji ya kumwogeshea mtoto, kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na mara nyingine mchana. Aliponieleza nilimsifu. Wageni wa wilaya walipokuja kutembelea kata, mji wake ndio niliowapeleka kuuona.

Kokugonza alifikisha miaka minne akiwa hajahara hata mara moja. Lakini ngozi yake ilikuwa imepasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, akijikuna mpaka damu, ugonjwa tunaouita pumu ya ngozi. Kifua nacho kilibana kila mvua zilipoanza. Na alikuwa hajui kukimbia. Alitembea hatua chache akishikilia nguo ya mama yake, kisha anataka kubebwa.

Niliwasindikiza mwenyewe hospitali. Daktari, mwanamume wa makamo mwenye sauti ndogo, alimpima, halafu akamwuliza mama anamwogesha mtoto na nini. Adelina alitaja dawa ile kwa fahari, akasema amepewa na Bwana Afya. Daktari alinitazama. Hakunikaripia. Alituambia mambo mawili, na nayakumbuka jinsi alivyoyatenga.

"Hii dawa inamchubua ngozi, na hilo nina hakika nalo," alisema. "La pili sina hakika nalo. Wapo wataalamu wanaosema mtoto akikua na udongo, na mifugo, na watoto wenzake, kinga ya mwili wake inajifunza kumtambua adui na asiye adui. Akikosa hayo, kinga inaweza kupigana na vitu visivyo na kosa. Wengine bado wanabisha. Lakini mtoto wa miaka minne asiyejua kukimbia, huyo hatuhitaji kusubiri wamalize kubishana."

Tuliporudi tulishuka kwenye gari barabarani, tukaanza njia ya kibanjani, mtoto mgongoni kwa mama yake. Tulivuka kijito. Hapo Adelina alisimama.

"Ulinifundisha wewe," alisema.

Nilitafuta maneno ya kujitetea, na yalikuwepo. Sikuwahi kumwambia aogeshe mtoto kwa dawa ya choo. Sikuwahi kumwambia afunge lango. Lakini nilikuwa nimeona na nimesifu.

"Ndiyo, waitu," nikamjibu, na hiyo waitu ni heshima ambayo kwa kawaida yeye ndiye aliyenipa mimi. "Nilikufundisha nusu. Nirudi nikufundishe nusu nyingine?"

 Jumamosi iliyofuata nilikwenda bila kuitwa. Nilivua mabuti, nikaketi chini kwenye udongo, katikati ya migomba, nikaanza kung'oa magugu. Kokugonza alinitazama kutoka mlangoni. Jumamosi ya pili alifika hadi kwenye ukingo wa kivuli, akagusa udongo kwa kidole kimoja, akalia ili anawishwe. Adelina alikuwa amesimama pale na beseni la maji na sabuni. Nilielewa kwamba haogopi udongo. Alikuwa anamwona yule mvulana wake wa kwanza.

Basi tulipatana kitu ambacho yeye angeweza kukishika. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa, bila kulegeza. Baada ya choo na kabla ya kula, sabuni. Kinyesi, cha mtu au cha mnyama, kikae mbali na maji na mikono. Lakini udongo wa migomba, majani, mbuzi wa kumshika masikio, watoto wa jirani na makamasi yao, hayo tungemwachia mtoto. Dawa ya choo irudi chooni.

Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya alinipinga vikali. Alisema wananchi wamechukua miaka kukubali kwamba uchafu unaua, na mimi sasa ninawachanganya. Nilimwambia nimeshawachanganya tayari, kwa kuita kila kitu kwa jina moja. Aliniandikia barua ya onyo. Niliisaini kwamba nimeipokea, na Jumamosi nikaenda kwa Adelina.

Ilichukua muda mrefu. Kabla msimu wa kuchuma kahawa haujaisha, Kokugonza alikuwa anafukuza kuku. Ngozi ilipona polepole, kwa mafuta ya hospitali na kwa kuachana na ile dawa. Kifua kiliendelea kumsumbua miaka kadhaa. Kwa hiyo msinisikie nikisema udongo ulimponya. Sijui. Ninachojua ni kwamba alipata wenzake na miguu yake.

Baadaye nilihamishiwa Muleba, kwenye kata ya ziwani. Kwenye mwalo mmoja, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapouzwa, kilizuka kipindupindu. Watu wawili walikufa kabla sijapata klorini ya kutosha. Ilipofika nilipanga mapipa ufukweni, kila anayechota maji atiliwe kipimo chake, bure. Watu walipita pembeni ya mapipa yangu wakachota ziwani kama kawaida.

Aliyewazuia alikuwa Mzee Rwegoshora, mwenye mitumbwi, mtu ambaye neno lake mwaloni lilikuwa na nguvu kuliko muhuri wangu. Kwenye mkutano alisimama akasema amekunywa maji yale tangu utotoni na hajawahi kulazwa. Alisema mwili unaolindwa haujifunzi. Halafu akanigeukia.

"Na wewe Bwana Afya, habari zako za Kaagya zimefika huku. Ulimwambia mama wa watu amwache mtoto achezee udongo azoee. Leo unatuzuia sisi tusizoee maji yetu?"

Watu walicheka. Niliapa moyoni kwamba mtu huyu ndiye nitakayemshinda kwanza, na kwamba sitamshinda mbele ya watu.

Alasiri nilikwenda kwake. Mkewe aliniletea punje za kahawa za kutafuna, kama inavyopaswa kwa mgeni. Niliomba maji ya moto na sabuni, nikanawa, nikatafuna. Tulizungumza kwanza habari za nyavu na za upepo. Kisha nikamwuliza kwao walizaliwa wangapi.

"Wanane."

Nikamwuliza waliopo ni wangapi.  Alisema ni yeye na dada yake aliyeolewa Kamachumu. Wengine walikufa wadogo, akasema, tumbo, homa, mambo ya zamani. Aliinua mkono kuonyesha upande wa kibanja walikozikwa, ukabaki hewani.

"Na wao walikunywa maji haya haya, mzee wangu?"

 Mkewe aliacha kupepeta mahindi.

"Nilikuwa nadhani wao walikuwa dhaifu," alisema mzee.

"Walikuwa watoto," nikamwambia.

Nilimweleza taratibu. Labda ni kweli mwili wake ulijifunza, sikuwa na cha kumpinga. Lakini mwalimu wake, maji yale, alichukua ndugu zake sita. Udongo niliomwachia mtoto wa Kaagya ulikuwa wa migomba, na bado mama yake alimnawisha kabla ya kula. Maji ya mwaloni yalikuwa na kinyesi cha watu mia kadhaa wasio na choo, na miongoni mwao wamo wagonjwa. Mwili haupewi nafasi ya kujifunza kipindupindu. Unakauka kwa siku moja.

Asubuhi nilimkuta kwenye pipa la kwanza, na kikombe chake mwenyewe. Hakutoa hotuba. Alichota, akasubiri klorini ifanye kazi kama nilivyoelekeza, akanywa, akakunja uso kwa ile harufu, akabaki pale pale akimtazama kila aliyepita. Hakuna aliyepita pembeni tena. Tulimzika mtu mmoja zaidi, na ugonjwa ukakatika.

Kazi kubwa ilikuja baadaye. Pwani ile ni mwamba, jembe halishuki. Mganga Mkuu wa Wilaya alitutembelea akasema choo cha shimo hakiwezekani pale. Nilimwomba anipe mifuko ya saruji na mtu asiyesema neno hilo. Mzee Rwegoshora akaleta vijana wa mitumbwi, tukajenga vyoo vilivyoinuliwa, shimo likiwa juu ya ardhi ndani ya kuta za mawe, mbali na maji. Tulijenga miezi mingi. Cha kwanza kilianguka kwa mvua, tulikijenga upya.

Sasa nimestaafu, niko kwetu. Wajukuu na vijana wa ofisi yangu ya zamani hunitumia video kwenye simu; moja inasema vijidudu ni rafiki, nyingine inatangaza sabuni ya kuviua vyote. Wananiuliza ipi ni kweli. Nawajibu wasiniulize kuhusu vijidudu kwa ujumla, waniulize kipi, kimetoka wapi, kinaingia kwa nani. Mtoto acheze chini. Maji yake yachemshwe. Afisa Afya wangu wa kwanza asingelipenda jibu hilo, maana ni refu. Mimi mwenyewe ningelikuwa nalo nilipomkagua Adelina, ningemjibu vingine.

Mwaka huu niligundua kwamba shule ya msingi iliyo karibu nami ina vyoo lakini haina maji ya kunawa, na watoto wanatoka chooni moja kwa moja kwenye uji. Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, kijana mwenye adabu. Alinisikiliza, akasema bomba limeombwa na watasubiri. Siku iliyofuata nilirudi na madumu, kamba na miti, nikawafundisha darasa la sita kutengeneza vibuyu chirizi, yaani dumu linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, maji yakachirizika bila mkono kuligusa. Wiki mbili baadaye nusu yake vilikuwa vimevunjika. Nikarudi. Nimekuwa nikirudi kila Jumatatu.

Juzi Mwalimu Mkuu alinipokea kwenye mvua, akaniambia kwa upole kwamba mama, wewe umeshastaafu, pumzika, bomba likija tutakuita. Nilimshukuru. Nikamwuliza jembe la shule linawekwa wapi, kwa sababu nguzo mbili za vibuyu chirizi zilikuwa zimelegea.